Uzi wa kukata laini, yaani mstari ulionyooka: rangi mbili zikutane ukutani bila meno na bila kuvuja

#1 Mzee_wa_Puti

Wakuu, salaam.

Nyumba nyingi zinapakwa vizuri juu, zinapakwa vizuri chini, halafu pale katikati rangi zinapokutana kazi inaharibika. Mstari umeota meno, umepanda kuelekea dirishani, au rangi ya chini imepenya na kuacha ndevu juu. Lawama zote anabebeshwa muuza tepu. Tepu mbovu zipo, lakini mara nyingi mstari unakuwa umeshaharibika kabla tepu haijatoka dukani, kwa sababu ya ukuta wenyewe na kwa sababu ya haraka.

Naweka utaratibu wa kazi ya kawaida kabisa: chumba cha mita 4 kwa 3.5, juu rangi ya maji ya krimu, chini dado (mkanda wa chini wa ukuta wenye rangi yake) ya rangi ya mafuta ya kahawia, kimo cha dado sm 120. Wenye kazi za aina nyingine waongezee. Bei na ubishi wa kampuni ipi nzuri tuviache kwenye nyuzi zake.

Vipimo kwanza. Mzunguko wa chumba ni mita 15, kwa hiyo roli moja ya tepu ya karatasi ya mm 24 yenye mita 20 inatosha na kubaki. Dado ni 15 mara 1.2, yaani mita za mraba 18. Ukitoa mlango zinabaki 17 hivi. Lita moja ya rangi ya mafuta kwenye ukuta laini inafunika mita za mraba 10 hadi 12 kwa koti moja, yaani tabaka moja la rangi. Makoti mawili ni lita 3 na ushee, nunua kopo la lita 4. Krimu bakiza robo lita, usiimalize yote juu. Kazi yake utaiona.

Ukuta: usihangaike na ukuta mzima, pigania mkanda wa sm 10, tano juu na tano chini ya pale mstari utakapopita. Hapo puti, ule uji wa kusawazishia ukuta, iwe imelala kabisa. Msasa namba 120, kisha 180, halafu washa tochi ya simu ukiilaza pembeni mwa ukuta. Kila shimo na kila mgongo utatupa kivuli. Ziba, rudia msasa, futa vumbi kwa kitambaa chenye unyevu, piga praima (rangi ya msingi ya kushikisha). Puti isiyo na praima ndiyo inayobanduka na tepu. Tepu imeshika rangi, rangi imeshika vumbi la puti, vumbi halijashika kitu.

Juu kwanza. Paka krimu makoti mawili na uishushe hadi sm 3 au 4 chini ya pale dado itakapoishia. Ikikauka ule ukingo wake wa chini upige msasa namba 220 mara mbili tatu, usije ukaonekana kama ngazi chini ya mafuta. Kisha subiri saa 24 kabla ya kubandika tepu. Rangi ya maji inashikika kwa mkono ndani ya saa moja, lakini kukauka juujuu siyo kukomaa.

Kupima: usipime sm 120 kutoka sakafuni kwenye kila kona. Sakafu zetu haziko levo (hazijalala sawa), na dado inayofuata sakafu itapishana na kingo za dirisha na maboksi ya swichi. Pima sehemu moja tu, kisha hamisha alama kwa mpira wa maji. Mpira uwe wa kupitisha mwanga, uujaze taratibu mpaka povu zote zitoke, kwa sababu povu moja likibaki linadanganya. Shikeni watu wawili, acheni maji yatulie, kila mmoja aweke alama yake kwa penseli. Mkimaliza mzunguko, rudini kwenye kona ya kwanza. Alama ya mwisho isipolala juu ya ya kwanza, kuna povu au mpira ulikunjwa. Hapo ndipo unapiga uzi wa chaki kutoka alama hadi alama. Tumia chaki ya bluu na iwe kidogo; nyekundu inaacha doa linalotokeza kwenye krimu. Punguza vumbi lake kwa brashi kavu, maana tepu haishiki juu ya chaki.

Tepu: ukingo wake wa chini ndio ulale juu ya mstari, tepu yenyewe iwe upande wa krimu. Fungua sm 60 hadi 80 kwa wakati mmoja, bandika bila kuvuta. Tepu iliyovutwa inajirudi usiku na kuinuka katikati. Kwenye maungio ipishane sm 2. Halafu kandamiza ukingo wa chini tu kwa kadi ya benki iliyokwisha muda au skrepa ya plastiki, kutoka mwanzo hadi mwisho. Hatua hiyo wengi wanaikimbia.

Kisha hatua yenyewe: chukua ile krimu uliyobakiza, paka nyembamba juu ya ukingo wa chini wa tepu, nusu kwenye tepu na nusu ukutani. Kama kuna upenyo chini ya tepu, krimu ndiyo itakayoingia na kuuziba, na krimu juu ya krimu haionekani. Acha saa 1 hadi 2. Baada ya hapo mafuta hayana pa kupita.

Paka mafuta ukitoka kwenye tepu kushuka chini, usisukume brashi kuelekea kwenye tepu. Koti la mwisho likiwa bado bichi, dakika 15 hadi 30, ng'oa tepu. Ikunje irudi nyuma yenyewe kwa pembe ya nyuzi 45 hivi na uivute polepole kwa mwendo mmoja.

#2 Laini_Moja

Mkuu, shule safi. Napinga kitu kimoja tu. Rangi ya mafuta inataka saa 16 hadi 24 kati ya koti na koti. Kwa utaratibu wako tepu inakaa ukutani zaidi ya siku, na koti la kwanza linakuwa limeshakauka juu yake. Ukija kuing'oa na koti la pili, unavuta ngozi mbili: moja bichi, moja kavu. Ile kavu haikatiki kwenye mstari, inachanika inapotaka yenyewe. Hapo ndipo meno yanapozaliwa.

Mimi nasema koti la kwanza lipigwe kwa mkono bila tepu, liishie mm 2 au 3 chini ya mstari. Kesho yake bandika tepu, ziba na krimu, piga koti la pili, ng'oa likiwa bichi. Tepu imekaa saa tatu tu, ngozi ni moja, na hata ule mgongo kwenye mstari unakuwa mdogo.

#3 Mzee_wa_Puti

Laini_Moja, hoja yako nzito na kwa kahawia au kijivu kiza naikubali, hata naipendelea. Ila angalia ule ukanda wa mm 2 au 3 juu kabisa: unabaki na koti moja. Kahawia inafunika kwa koti moja, haitaonekana. Nyekundu na njano hazifunikii hivyo. Utapata mstari mwembamba uliopauka juu ya dado nzima, na mchana jua likiingia dirishani unaonekana kutoka mlangoni. Kwa rangi hizo weka tepu mara mbili: bandika, koti, ng'oa bichi, kesho bandika tena palepale, ziba tena, koti, ng'oa. Tepu ni rahisi kuliko kurudia ukuta.

Na anayeng'ang'ania kuiacha mpaka ikauke, basi kabla ya kuivuta apitishe wembe mpya kando ya ukingo wa tepu, akiukandamiza kidogo tu, ukate rangi bila kukata puti. Wembe butu unaburuza rangi badala ya kuikata.

#4 Dada_Brashi

Mnaongea kama tepu ndiyo njia pekee. Kwenye ukuta ulionyooka, mtu mwenye mkono anamaliza chumba wakati mwenye tepu bado anakandamiza na kadi ya benki. 🙂 Naeleza kukata laini kwa mkono, kwa sababu hata mwenye tepu ataihitaji kwenye koti la kwanza alilosema Laini_Moja.

Brashi iwe ya inchi 2 au 2.5, yenye nywele zilizokatwa mshazari na ncha zilizochanua kidogo. Brashi mpya ya bei rahisi inadondosha nywele. Ipigepige kiganjani na uioshe kabla ya kuanza. Kwa rangi ya maji tumia nywele za plastiki, kwa mafuta nywele za mnyama ni sawa. Nywele za mnyama zikinywa maji zinalegea na kutawanyika, na laini haikatwi na brashi iliyotawanyika.

Usichote kutoka kwenye ndoo. Mimina rangi kwenye kopo dogo ifike sm 3 au 4 tu. Rangi ya maji ongeza maji asilimia 5, isizidi 10, iteleze bila kutiririka. Chovya theluthi ya urefu wa nywele, kisha gonga brashi pande zote mbili ndani ya kopo. Usiikwangue kwenye mdomo wa kopo: ukikwangua unatoa rangi upande mmoja na brashi inaanza kuvuta kushoto au kulia.

Mkono wa kwanza usiguse mstari. Weka rangi sm 1 chini yake, umbali wa sm 20 au 30, hapo ndipo mzigo wa rangi unapotuliwa. Rudi na brashi hiyohiyo bila kuchovya tena, ikandamize mpaka nywele zichanue kidogo, na usogeze ule ukingo mwembamba wa rangi mpaka uguse mstari. Kisha tembea nao. Macho yasiangalie brashi, yaangalie mstari sm 5 mbele ya brashi. Endesha bega na kiwiko. Kifundo cha mkono kikianza kufanya kazi, mstari unaanza kuyumba. Sm 60 hadi mita 1, unainua taratibu ukiwa bado kwenye mwendo, unaanza kipande kinachofuata mbele kidogo na kurudi kuungana na ukingo ulio bichi.

Na usikate laini chumba kizima ndipo urudi na rola. Kata ukuta mmoja, piga rola ikaribie laini kwa sm 2 wakati bado mbichi. Ukiacha laini ikauke kwanza, utabaki na fremu ya mkanda wa brashi kuzunguka ukuta, inayong'aa tofauti na sehemu ya rola.

#5 Kibao_Kata

Dada, vipi kuhusu kutumia kibao au bati bapa badala ya tepu? Kuna mafundi wanatembea na kipande cha karatasi ngumu wanaweka juu ya mstari wanapaka chini yake.

#6 Dada_Brashi

Bati bapa linafaa pale rangi inapokutana na kitu: sketing (ukanda wa chini ukutani, pale sakafu inapoanza), fremu ya mlango, ukingo wa dirisha. Kwa rangi na rangi katikati ya ukuta silipendi. Rangi inapanda nyuma yake, na ukilihamisha bila kulifuta unapiga muhuri kwenye krimu. Mwenye kulitumia alifute kwa kitambaa kila anapolihamisha, upande wa mbele na wa nyuma. Karatasi ngumu inakunywa rangi na kuvimba, hiyo achana nayo.

#7 mpangaji_mpya

Wakuu naomba kueleweshwa. Tepu ikibandua rangi ya juu vipande vipande wakati wa kung'oa, tatizo linakuwa tepu kali au rangi feki?

#8 Laini_Moja

Mara nyingi si hiyo wala hiyo. Angalia nyuma ya kipande kilichobanduka. Kikiwa na unga mweupe, rangi ilikaa juu ya vumbi la puti au juu ya chokaa. Kikiwa safi na laini kama plastiki, rangi ya maji ilipigwa juu ya mafuta ya zamani yanayong'aa bila kupigwa msasa. Kikiwa kinabonyea na kunyumbuka, rangi ilikuwa bado haijakomaa. Kikitoka na puti yote, puti haikushika lipu. Ukuta ulikuwa na vumbi au ulikuwa mkavu mno ukanyonya maji ya puti kabla haijakaza.

Pima kabla ya kuanza. Paka kiganja ukutani: kikitoka cheupe, ukuta unatoa unga na unahitaji praima ya kufunga, ya maji, iliyochanganywa na maji kama kopo lake linavyoelekeza, inywe ndani. Kwa rangi ya zamani, kata mistari ya msalaba kwa wembe mahali pasipoonekana, nyuma ya mlango kwa mfano, bandika tepu juu yake, kandamiza, ng'oa kwa nguvu. Ikitoka na vipande, ukuta huo hautaki tepu, unataka kukwanguliwa.

Mafuta ya zamani yapige msasa namba 180 mpaka mng'ao ufe, kisha praima ya kushikisha, ndipo rangi ya maji. Nyumba za zamani sana tumia msasa wa maji na ukuta uwe umelowa, rangi za mafuta za zamani zinaweza kuwa na madini ya risasi, ambayo ni sumu, na vumbi lake si la kuvuta, hasa kama kuna watoto.

Kuhusu tepu: ile ya kawaida rangi ya maziwa ing'olewe siku hiyohiyo. Ikipigwa na jua la dirishani gundi inaokwa na kubaki ukutani. Zile za bluu zina gundi pole zaidi na zinavumilia siku kadhaa, ndiyo maana bei yake imepanda. Juu ya rangi changa tumia ya bluu. Tepu ya kufungia maboksi, ile ya khaki inayong'aa, isikaribie ukuta kabisa.

#9 Mwana_Tanga

Nyongeza kwa wa pwani. Zile saa 24 za Mzee ni za Dodoma. Tanga, Dar, Mtwara wakati wa masika, hewa yenyewe imelowa, wekeni saa 48. Na msibandike tepu asubuhi na mapema ukuta ukiwa na jasho. Ngojeni ifike saa tatu au nne asubuhi.

La pili ni zito zaidi ya mstari wenyewe. Dado ya mafuta kwenye ukuta unaopandisha maji kutoka msingini inafunga unyevu. Maji hayatoki tena chini, yanapanda mpaka pale mafuta yanapoishia, na hapohapo kwenye mstari wako ndipo chumvi inatokeza kama unga na krimu inaanza kuvimba. Unaweza kukata laini safi kuliko zote na baada ya masika moja imeshakuwa na malengelenge. Ukikuta chumvi, ikwangue kwa brashi kavu ya waya, usiioshe kwa maji maana unairudisha ndani. Tafuta chanzo: bomba linalovuja, udongo wa nje uliopanda juu kuliko sakafu ya ndani, paa lisilo na mfereji. Mpaka ukauke, chini tumia rangi ya maji inayooshika badala ya mafuta.

Lipu mpya nayo: siku 28 kabla ya mafuta. Saruji mbichi ina ukali unaogeuza mafuta ya rangi kuwa kama sabuni. Dado inabaki inanata wiki baada ya wiki, na ukibandika tepu juu yake kwa kazi nyingine inatoka nzima. Kama kazi haiwezi kusubiri, tafuta praima ya kuhimili ukali wa saruji.

#10 Kona_Nne

Mmeisahau kona. Sebule za siku hizi ukuta mmoja kijani kiza, mitatu nyeupe, rangi zinakutana kwenye kona ya ndani. Mtu anabandika tepu ndani ya kona na anashangaa.

Kona ya ndani haijanyooka. Ukiitazama kwa karibu si pembe, ni mviringo mdogo wa puti wenye mm 3 hadi 6, na unapanda ukiyumba. Tepu haiwezi kuingia mle. Inakaa kama daraja na rangi inapita chini yake. Kuna njia mbili.

Ya kwanza, jenga kona. Chukua akriliki ya kuzibia nyufa, ile ya kwenye mrija mrefu wa kufyatua, kata mdomo wake mdogo wa mm 3, vuta mstari mmoja kutoka juu hadi chini, pitisha kidole chenye maji mara moja tu. Isiwe silikoni tupu: rangi haishiki juu ya silikoni, inajikunja na kutoa macho. Ikikauka una kona laini isiyo na vishimo.

Ya pili ni ya kudanganya macho, na ndiyo bora kona ikiwa imepinda sana. Nyeupe ipite kona na kuingia kwenye ukuta wa kijani kama mm 5. Dondosha timazi kutoka darini, weka alama, kata laini kwenye uso bapa wa ukuta wa kijani na siyo ndani ya kona. Mtu akiingia chumbani anaona mstari ulionyooka na macho yanausoma kuwa ndio kona. Rangi nyepesi siku zote ndiyo inayovuka, kiza ndiyo inayokatwa juu yake. Ukifanya kinyume unahitaji makoti matatu ya nyeupe kufunika kijani.

Kona ya nje usikutanishe rangi pale kwenye ncha kabisa, kama una uamuzi. Inagongwa na viti, mabega na makochi, inachubuka na rangi ya pili inachungulia. Peleka rangi izunguke hadi kona ya ndani inayofuata.

#11 Mwana_Tanga

Na dari je? Jipsam yenye kornisi (urembo wa ukingoni, dari inapokutana na ukuta), kornisi nyeupe, ukuta wa rangi.

#12 Kona_Nne

Darini usitumie levo. Sheria ninayofuata: mstari ulio katikati ya ukuta ufuate levo, mstari ulio karibu na kitu kilichopo ufuate kitu hicho. Kornisi ikiwa imeshuka sm 1.5 upande mmoja na wewe ukapiga mstari wa levo chini yake, umemchorea mwenye nyumba kipimo cha ubovu wa dari yake. Paka dari na kornisi kwanza, teremsha nyeupe sm 1 kwenye ukuta, ziba ufa kati ya kornisi na ukuta kwa akriliki ileile, kisha kata laini ya ukuta kwa mkono ukifuata ukingo wa kornisi. Tepu kwenye kornisi changa ya jipsam inaondoka na karatasi au na unga, achana nayo.

#13 mpangaji_mpya

Ahsanteni sana wakuu. Na nje? Ukuta una lipu ya rafu, chini mwenye nyumba anataka mkanda mweusi wa sm 40 kuzunguka nyumba.

#14 Mzee_wa_Puti

Lipu ya rafu haina tepu itakayoiziba, punje zinaiinua kila baada ya mm chache. Hata krimu ya kuzibia haitoshi. Tengeneza njia ya mstari: piga levo, piga chaki, kisha pitisha mkanda wa puti ya nje, ya saruji, upana wa sm 5 au 6, ukiulainisha kwa skrepa. Siyo puti ya jipsam. Mvua ya kwanza inaiyeyusha. Ukikauka na kupigwa praima, bandika tepu katikati ya mkanda huo. Ukitazama mita mbili mbali huoni mkanda wa puti, unaona mstari tu.

Asiyetaka gharama hiyo apige chaki na akate kwa mkono kwa brashi ya inchi 1.5 yenye nywele ngumu, akigonga ncha ndani ya vishimo badala ya kuburuza. Utanyooka ukiutazama kutoka getini. Kwa karibu hautanyooka, na mwenye nyumba aambiwe hivyo kabla.

Nje pia angalia nyumba iliyo kwenye mteremko. Mkanda wa sm 40 unaofuata ardhi utapanda na kushuka; bora uwe wa levo, upande mmoja sm 40, mwingine sm 55.

#15 Mkongwe_wa_Shangani

Assalaam alaykum. Neno kwa wenye nyumba za mawe na chokaa za Unguja Mji Mkongwe, na Lamu pia. Kuta zile zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na zinapumua. Dado ya mafuta na lipu ya saruji chini yake ndiyo inayozioza. Alilosema Mwana_Tanga kwenu ni hatari, kwetu ni uhakika. Chokaa juu, chokaa ya rangi chini.

Tepu haishiki juu ya chokaa. Kinachofanya kazi ni kukwaruza mfereji mwembamba kwenye lipu ya chokaa, kina cha mm 1 au 2, kwa msumari na kibao kilichonyooka, kabla ya koti la mwisho. Mfereji unakatiza mwendo wa rangi, chokaa ya majimaji haivuki. Paka ya juu kwanza, tabaka nyembamba nyingi, ukuta uloweshwe kabla ya kila tabaka. Na kwa nje, muulize kwanza anayesimamia Mji Mkongwe kabla hujabadilisha rangi. Mji umo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2000 na rangi za nje si za kujiamulia.

#16 Kibao_Kata

Nauliza kwa wale wanaochora pembetatu na pembe nyingi sebuleni. Rangi tatu zinakutana kwenye ncha moja. Zinapakwaje?

#17 Laini_Moja

Huwezi kupaka vipande viwili vinavyogusana siku moja. Paka ukuta mzima rangi nyepesi kuliko zote, acha ikomae siku 2 au 3. Bandika mistari yote, kisha weka alama ya penseli juu ya tepu kuonyesha kipande kipi rangi ipi. Paka vya rangi ya kwanza visivyopakana, ng'oa, subiri saa 24, bandika tena kwa vilivyobaki. Kwenye ncha usichane tepu kwa mkono. Pishanisha na ukate kwa wembe na rula ya chuma, wembe uguse tepu tu.

Kama unataka ile mistari myeupe kati ya vipande ibaki, ni rahisi zaidi: tepu zinabaki zote na unapaka kila kitu siku moja. Tepu ya mm 12 inapendeza, ya mm 24 inakuwa kama gridi ya dirisha.

Ziba kingo kwa ile rangi iliyo CHINI ya tepu, siyo unayotaka kupaka. Hili linachanganya watu: kwenye kazi ya pembetatu rangi iliyo chini inabadilika kadiri unavyokwenda.

#18 mpangaji_mpya

Na kama imeshaharibika? Ndevu zimeshapenya juu ya krimu na mafuta yamekauka.

#19 Dada_Brashi

Ndevu ndogo za hapa na pale: pata brashi ya mchoraji namba 4 au 6, bapa. Mafuta yaliyokauka kwanza yapige kidogo na msasa 220 uliokunjwa mara mbili, upate ukingo mwembamba, ndevu tu bila kugusa mstari. Kisha krimu mara mbili juu yake, katikati saa 2. Krimu ya maji juu ya mafuta yanayong'aa bila msasa itajikusanya kama matone na kubanduka kwa kucha.

Zikiwa mstari mzima, usiguseguse moja moja. Subiri mafuta yakauke siku 2 au 3, bandika tepu upande wa pili, yaani juu ya kahawia, ukingo wake wa juu ulale mm 1 au 2 chini ya mstari wa zamani. Msasa mwepesi kwenye ndevu, ziba ukingo kwa kahawia, saa 16, kisha krimu makoti mawili, ng'oa. Dado yako imeshuka mm 2 na hakuna atakayejua.

Mafuta yakiwa bado mabichi ni kazi ya dakika: funga kitambaa kwenye ncha ya skrepa, tia tone la tapentaini, pitisha mara moja kuelekea upande wa kahawia, geuza kitambaa, rudia. Usitumie mafuta ya taa, yanaacha utelezi ambao krimu haitaushika.

Gundi ya tepu iliyobaki ukutani: sugua kwa kidole kavu kwanza, au bandika tepu mpya juu yake na ung'oe haraka, inaondoka nayo. Tapentaini iwe ya mwisho, na uijaribu kwanza nyuma ya mlango.

#20 Mzee_wa_Puti

Dada_Brashi, hapo kwenye kuziba kwa kahawia ya mafuta na kusubiri saa 16, tepu inakaa usiku kucha. Kwa ukarabati wa aina hiyo waweke ya bluu.

#21 Dada_Brashi

Sahihi mzee. Ya bluu, na dirisha lenye jua la asubuhi lifungwe pazia.